Ushindi Aliopewa Dietmar Kallweit

Alhamisi ile Dietmar Kallweit alivaa shati mwenyewe. Vifungo viwili vya juu vilimshinda, akaviacha wazi, na mkewe Roswitha aliponyoosha mkono kumsaidia aliukwepa kama mtu anayekwepa tawi njiani. Tangu kiharusi kilipompiga, mwanzoni mwa majira ya baridi, hakuwa ametoka nyumbani ila kwenda hospitali na kwa yule mtaalamu wa kurudisha usemi. Sasa miti ya mtaani kwao, huko Wanne, mji wa Ujerumani, ilikuwa inachipua, na Dietmar alitaka jambo moja tu: arudi kwenye meza ya michezo katika ukumbi wa kanisa, akae kwenye kiti chake, acheze. Acheze kama mchezaji, si kama mgonjwa aliyeletwa kupunga upepo.

Maneno yalikuwa yote kichwani, kila moja mahali pake. Njia ya kuyafikisha mdomoni ndiyo iliyobomoka. Akitaka kuomba kahawa, mdomo ulisema dirisha. Akitaka kukataa, ulikubali. Yaliyotoka bila shida yalikuwa kuhesabu na kutukana, na daktari alisema ni kawaida, eti vitu hivyo viwili vinahifadhiwa chumba kingine. Mkono wa kulia nao ulikuwa umelegea, akawa anaubeba kwa mkono wa kushoto na kuuweka mezani kama mtu anayeweka mfuko aliotoka nao sokoni.

Kwa mtu mwingine ingekuwa msiba wa kawaida. Kwa Dietmar ulikuwa mzito zaidi, kwa sababu katika ukumbi ule yeye alijulikana kwa maneno. Desturi yao ni kwamba aliyekuja na mchezo ndiye anayeueleza, na hakuna anayemkatiza hata akikosea. Wengine hufungua kijitabu cha kanuni na kusoma kwa sauti kuanzia ukurasa wa kwanza, kadi ni ngapi, kete ni ngapi, mpaka mgeni macho yanamlegea. Dietmar hakufungua kijitabu. Alisimama, akasema wewe ni nani, unataka nini, na nani anakuzuia. "Wewe ni mfanyabiashara wa chumvi. Unataka chumvi yako ifike bandari ya Lübeck kabla haijalowana. Anayekuzuia ni huyu hapa." Hapo aliweka mkono begani mwa Ansgar, mwenzake wa mezani. Mgeni alimtazama Ansgar, Ansgar alimtazama mgeni, na mchezo ulikuwa umeshaanza kabla kete haijaguswa.

Baba yake alichimba makaa, na yeye akashuka shimoni akiwa kijana, fundi wa mitambo. Shimo lilipofungwa alipata kazi ya kutunza majengo ya shule: taa, milango, theluji ya uani. Kazi haikuwa mbaya. Lakini chini ya ardhi watu walikuwa wakiongea, kwa sababu usipojua mwenzako anafanya nini dari linaweza kukuangukia. Huku juu watu walimsalimia na kupita. Walimu walimwita kwa jina la ukoo na kumshukuru kwa balbu. Ikawa anarudi nyumbani jioni bila kuwa na mtu hata mmoja siku nzima aliyejiuliza yeye anafikiria nini.

Roswitha ndiye aliyeona tangazo la meza ya michezo kwenye mlango wa kanisa na kumwambia aende, walau amwachie nyumba kidogo. Mara ya kwanza alishindwa michezo yote. Alirudi akiongea peke yake njiani, akimweleza mtu asiyekuwepo kwamba angeuza mbao mapema.

Kilichomshika hakikuwa kushinda. Kilikuwa kwamba mwanamume aliyekaa mbele yake, ambaye barabarani asingemtazama mara mbili, alilazimika kumkazia macho usoni na kujiuliza: huyu ana mpango gani? Kwa saa nzima mtu alimfikiria kwa akili yake yote, akamzungukia, akajaribu kumwingia kichwani. Na yeye akafanya vivyo hivyo. Kisha wakaagana na hakuna aliyepoteza kitu. Wacheza bao wa kwetu wanalijua jambo hili bila kuambiwa. Akiketi mtu mbele ya bao lako na kuuangalia mkono wako, amekupa heshima kuliko salamu kumi za barabarani.

Ndiyo maana kulikuwa na kosa moja ambalo Dietmar hakulisamehe, nalo ni kumwachia mtu ashinde. Alipopelekwa ukweni mara ya kwanza, baada ya keki, mama yake Roswitha alitoa ubao na kete. Kaka yake Roswitha alimvuta kando akamnong'oneza kwamba mama hapendi kushindwa, kwa hiyo mchumba mwenye akili anajua la kufanya. Dietmar alimfunga mama mkwe mchezo wa kwanza, akamfunga wa pili. Mama mkwe hakugusa kahawa mpaka ikapoa. Kisha akasema kwamba wakwe wengine wote wa familia ile walikuwa waongo, akaanza kupanga kete upya.

Basi Alhamisi ile Roswitha alimshika mkono wakatembea polepole hadi ukumbini. Harufu ilikuwa ileile, ya kahawa na nta ya sakafu. Mezani walikuwa wawili. Ansgar Piontek, dereva wa basi aliyestaafu, mshindani wake wa miaka yote, mtu wa masharubu na maneno ya kuchokoza. Na Nermin, msaidizi wa daktari wa meno, aliyezaliwa palepale mjini kwa wazazi kutoka Trabzon, Uturuki. Yeye humwita Dietmar "Abi", kama anavyowaita kaka zake wakubwa, na huko mezani ni mkali kuliko wanaume wote.

Walisimama wote wawili alipoingia. Ansgar alimkumbatia, akamwita mkuu, akasema wamemtunzia kiti, kila aliyekikalia alishindwa. Nermin alimletea kahawa na vile vijiti vyembamba vya unga vyenye chumvi, ambavyo ndiyo chakula pekee kinachoruhusiwa mezani kwao, kwa sababu havipaki mafuta kwenye kadi. Roswitha alikaa karibu na ukuta na sweta lake la kufuma.

Walichagua mchezo wa chumvi, kwa sababu Dietmar aliujua kwa moyo. Ansgar aliufungua na kuueleza kwa kifupi, ingawa hakukuwa na asiyeujua. Dietmar alitazama chini wakati wote huo. Alikuwa akiyasema maneno yale kimoyomoyo, na ya kwake yalikuwa mazuri zaidi.

Kila mmoja ana mashua za chumvi mtoni na vibarua wachache wa mti. Ikifika zamu yako unaweka kibarua mmoja mahali pamoja: msituni kwa mbao, kiwandani kwa kamba, kwenye kengele ukitaka kuanza wa kwanza mzunguko unaofuata, au kwenye gati la Lübeck kushusha chumvi. Ukishaweka mtu wako, mahali hapo pamefungwa kwa wengine mpaka mzunguko uishe. Na gati ni moja.

Dietmar alicheza kwa mkono wa kushoto, polepole. Wenzake walisubiri. Mwanzoni alitokwa jasho, halafu kitu kikafunguka ndani yake. Ubao haukumtaka aseme. Alimwona Nermin akikusanya kamba akajua kwa nini, alimwona Ansgar akiangalia mto kwa pembe ya jicho akajua atafanya nini, na kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi alijisikia yuko ndani ya mazungumzo.

Ukafika mzunguko wa mwisho. Dietmar na Ansgar wote walikuwa na mashua zilizojaa mdomoni mwa mto, na zamu ilikuwa ya Ansgar. Hata mgeni wa siku ya kwanza angeweka kibarua wake gatini. Dietmar alishajiandaa kwa pigo, akawa anatafuta la kuokoa.

Ansgar aliangalia gati. Akaangalia mkono wa kulia wa Dietmar ulivyolala mezani. Kisha akachukua kibarua wake, akampeleka msituni kukata mbao.

Nermin alikuwa na chumvi kidogo, naye angeweza kulifunga gati. Alienda kununua kamba.

Dietmar alikaa muda mrefu na kibarua wake mkononi. Walidhani anahesabu. Mwishowe aliweka gatini, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa mtu mwenye akili kuweka, akashusha chumvi yote, akashinda.

"Mkuu, umetunyoa bila maji," Ansgar alisema, na Nermin akapiga makofi, na Roswitha kule ukutani naye akapiga makofi.

Katika ukumbi ule hakuna anayepigiwa makofi. Mchezo ukiisha, watu hubaki palepale, hurudisha kete nyuma, hubishana: pale ulikosea, ungekwenda kiwandani, la, ningekwenda kiwandani ungenifungia msitu. Ubishi huo wengine huupenda kuliko mchezo wenyewe. Siku ile hawakubishana. Ansgar alikusanya kete haraka, kama mtu anayefuta nyayo.

Njiani Roswitha aliongea kwa furaha. Dietmar alitembea akiangalia chini.

Kwa siku zilizofuata hakutaka kula vizuri, na kwa mtaalamu wa usemi alikaa mbele ya picha za paka na za mwavuli bila hata kujaribu. Roswitha alipotaja Alhamisi ijayo, aligeukia ukuta. Mkewe akadhani amechoka, akamwambia si lazima, wataenda wiki nyingine. Dietmar alikubali kwa kichwa, na kwa kuwa kichwa kilikuwa hakisemi uongo kama mdomo, Roswitha aliogopa. Alikuwa ameona wanaume wa mtaa ule baada ya shimo kufungwa, jinsi walivyoanza kwa kuacha jambo moja, kisha la pili, mwisho wakabaki na kiti cha dirishani.

Jumapili mchana Roswitha alikuwa jikoni akikata keki ya plamu aliposikia vitu vya mti vikianguka sebuleni. Dietmar alikuwa ameteremsha nakala yake ya mchezo wa chumvi kutoka kabatini. Alikuwa anaupanga ubao, lakini si kama unavyopangwa mwanzoni. Mashua hapa, mapipa pale, kamba za Nermin rundo. Alikuwa anarudisha mchezo wa Alhamisi, kete kwa kete, kama ulivyokuwa mzunguko wa mwisho. Roswitha hakuwahi kuwa mchezaji. Alisema siku zote kwamba nyumba yenye mchezaji mmoja inatosha. Lakini alikuwa amesikia mchezo ule ukielezwa mezani kwake mara nyingi kuliko alivyosikia mahubiri.

Dietmar alimwashiria aje. Alichukua kibarua wa Ansgar, akamwonyesha gati, kidole kikakaa pale. Kisha akampeleka msituni. Akamtazama mkewe. Akarudia: gati, kidole, msituni.

Roswitha aliweka sahani ya keki mezani.

"Mbao?" alisema. "Mbao za nini, mchezo unaisha?"

Dietmar aliacha kusogeza kete.

Roswitha alivuta kiti akakaa. Alifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na kitu, akaendelea kuifuta.

"Nilimpigia simu Ansgar," alisema. "Kabla hatujaenda. Nilimwambia wasikuchoshe. Nilimwambia... mwache ashinde, hata mara moja tu. Usinitazame hivyo. Umekaa hapa miezi yote hukuniambia neno, nami nilitaka urudi nyumbani umefurahi. Basi."

Alingoja hasira. Kama lingetoka tusi angeshukuru, walau ni neno. Dietmar hakutukana. Alimchukua yule kibarua kutoka msituni akamweka gatini, akazisukuma mashua zake mwenyewe pembeni mpaka zikadondoka mezani. Akaziokota, akazirudisha, akafanya tena. Alikuwa anatafuta neno. Roswitha aliona shingo yake inavyokaza, midomo inavyojaribu umbo moja na kuliacha. Mtaalamu alimfundisha asimsaidie wakati kama huo, na lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyofundishwa. Alikaa, akashika ukingo wa meza.

"Ni," Dietmar alisema. "Ni... mlango. Si mlango. Ni. Ni."

Akafumba macho.

"Nizuieni," alisema.

Roswitha aliachia ukingo wa meza. Alikuwa amemwosha, amemlisha, amemfunga viatu, amemkinga na ngazi na baridi na wageni wenye maswali, na alijua jinsi ya kuendelea hivyo mpaka mwisho wa maisha yake. Hili alilokuwa anaombwa hakulijua. Aliangalia zile mashua zilizolala ubavu kwenye kitambaa cha meza. Halafu alisimama, akaenda kwenye simu iliyokuwa kwenye korido, akaacha mlango wazi ili asikie.

"Ansgar, ni mimi. Yale niliyokuambia, yafute." Akasikiliza. "Ndiyo, amejua. Wewe ulidhani hatajua? Ulikwenda kukata kuni mwisho wa mchezo, mtu mzima." Akasikiliza tena. "Hapana, mwambie mwenyewe."

Alhamisi iliyofuata Ansgar alikuwa mlangoni kabla yao, kofia mkononi. Alianza maneno aliyokuwa ameyaandaa, kwamba amekosa, kwamba hakulala vizuri, kwamba mtu akikuona uko hivi anachanganyikiwa. Dietmar alimpita, akakaa, akapiga ubao mara moja kwa kiganja cha kushoto. Ansgar akafunga mdomo, akakaa.

Nermin ndiye aliyeokoa hali. "Abi, mimi leo nakuambia mapema. Nimekula vizuri, nimelala vizuri, na sina huruma na mtu. Ukilia, lia nje."

Wakacheza. Safari hii hawakumsubiri kwa nyuso za kanisani. Ansgar alipiga vidole mezani Dietmar alipochelewa, akamwambia gati liko Lübeck, si dirishani. Alimfungia msitu zamu ya pili. Nermin alimnyang'anya kamba alizozihitaji, akacheka. Dietmar alitukana, tusi safi lisilo na kigugumizi hata kidogo, na meza ya jirani ikageuka kutazama. Roswitha hakufuma. Kila kete ya mumewe ilipozuiwa alianza kuinuka, akajirudisha kitini.

Kabla ya mzunguko wa mwisho Dietmar alikuwa vizuri. Mashua zake zilikuwa zimejaa, za kwanza mdomoni mwa mto. Aliona gati, akaona njia yake, akajisikia mwepesi. Hakuiona kengele. Nermin alikuwa ameweka mtu wake kwenye kengele mzunguko mmoja kabla, kimya kimya, na aliyeshika kengele ndiye anayeanza. Mzunguko ulipofunguka, Nermin alinyoosha mkono na kuweka kibarua wake gatini kabla Dietmar hajashika wa kwake.

Gati likafungwa. Chumvi yote ya Dietmar ikalowana mtoni. Nermin alishinda, Ansgar akawa wa pili, na yeye akawa wa mwisho, kwa mbali.

Hakuna aliyepiga makofi. Nermin aling'ata kijiti cha chumvi. Roswitha alikuwa ameshasimama, amevaa koti, funguo mkononi, tayari kumtoa pale.

"Umechelewa," Ansgar alisema. Sauti yake haikuwa ya utani. "Kengele ilikuwa wazi mizunguko miwili, mkuu. Miwili. Ukaenda kununua kamba. Zamani ungenishika mkono nisiiguse."

Neno lile, zamani, lilikaa mezani kati yao. Ansgar mwenyewe alilisikia baada ya kulitoa, lakini hakulirudisha.

Dietmar aliangalia kengele. Alijaribu kukumbuka mizunguko ile miwili na akakuta ukungu. Ubao wote ulikuwa wazi kichwani mwake, mto, msitu, gati, ila pale penye kengele hapakuwa na kitu, kana kwamba mtu amepafuta kwa kiganja. Alielewa sasa. Kulikuwa na mahali akili yake haifiki tena, na kwa ushindi ule wa kupewa asingepajua kamwe. Iliuma. Iliuma mahali pa kweli, na Ansgar, ambaye alikuwa amemtazama kwa saa nzima akitafuta udhaifu wake, ndiye aliyeupata na kumwonyesha ulipo.

Alinyoosha mkono wa kushoto akamtoa kibarua wa Nermin gatini. Akarudisha mashua zake majini. Alikuwa anarudisha mchezo nyuma. Nermin aliinama kumsaidia, Dietmar akainua kiganja, Nermin akarudi kitini. Dietmar alitoa kete moja, akatoa nyingine, akakosea.

"Hapana, huyo alikuwa msituni," Ansgar alisema.

Dietmar akamrudisha msituni. Akaendelea, zamu kwa zamu, polepole sana, na wale wawili wakiegemea mbele, wakimrekebisha anapokosea, wakinyamaza anapopatia. Watu wa meza nyingine walianza kufunga maboksi yao. Alipofika zamu aliyonunua kamba alisimama. Alimwondoa kibarua wake kiwandani, akamshika hewani kwa muda, akamweka kwenye kengele.

"Hapo," Ansgar alisema. "Hapo hasa. Na mimi ningefanya nini?"

Dietmar alianza kutafuta. Roswitha alivua koti, akaliweka kwenye kiti, akaketi.